Damu ya Jiwe Ndani ya Kopo

Jumatatu, 8 Novemba 1993
Nimefungua belo la mitumba. Makoti, masweta, na chini kabisa kamusi nene ya Kiingereza! Nimeisoma hadi wateja wakaondoka. Nikalikuta neno: petrichor. Harufu ya udongo mkavu ukinyeshewa. Wataalamu wa Australia walilitunga 1964 kwa Kigiriki: petra, jiwe, ichor, damu ya miungu. Nestory, umepata! Mwalimu Atupele aliwahi kuniambia kwao Tukuyu udongo haukauki, harufu hiyo kaijulia hapa Sumbawanga, na ndiyo atakayoikumbuka. Jumamosi anahamia kwao. Mpango: mvua ya kwanza ikidondoka, nisimame kando yake nimpe neno, halafu moyo.

Jumatano, 10
Jua kali. Jafeti, dalali wa mahindi mwenye pikipiki, kajitolea kumbebea mwalimu mizigo. Kiherehere! Nimefanya mazoezi uani: udongo mkavu kwenye kopo, maji kidogo, nanusa, natamka. Jirani yangu Mama Emerensiana alichungulia. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia.

Alhamisi, 11
Nimeitwa kwa balozi wa nyumba kumi! Mama Emerensiana kadai nimeifungia mvua koponi, na watu wameshalima wanasubiri kupanda. Nikaeleza kisomi: jiwe, damu ya miungu. Damu! Nani alinituma? Wazee walisogeza vigoda nyuma. Kopo limemwagwa hadharani. Nimepewa hadi Jumamosi niiachie mvua.

Ijumaa, 12
Atupele kaja kununua blanketi la safari. Kacheka sana habari za kopo, kisha akauliza taratibu neno lenyewe ni lipi. Nikamwambia asubiri mvua. Akasema basi halisubiri mvua. Akatazama mbingu, akanitazama mimi, kwa muda. Nikamfungia blanketi kwenye gazeti. Lakini neno bila harufu yake si mchuzi bila chumvi?

Jumamosi, 13
Basi limeondoka saa kumi na mbili. Mvua imenyesha saa nne. Harufu Ufipa nzima! Nimelitamka peke yangu chini ya turubai, nikalia. Nampenda, basi.

Balozi kaja kunishukuru, kaomba nyingine Jumanne. Mama Emerensiana kaleta maharage, na shikamoo ya Jumatano kaiitikia, marahaba mara mbili. Ndipo Mwalimu Kristiana, wa shule moja na Atupele, akaleta ujumbe: Atupele hakumpa Jafeti hata begi. Anasema nimfuate Tukuyu nikamwambie hilo neno. Basi lipo kesho, na nafasi ipo.

Lakini Tukuyu udongo haukauki! Nitasubiri kwao kuingie ukame.