Kambi Yangu ya Jamhuri

Jumatatu, 8 Desemba

Shule zimefungwa, jua linawaka, na binti yangu anataka kunihama! Ivyne, miaka sita. Leo asubuhi ametangaza kwamba kuanzia Jumamosi ataishi Parklands kwa Uncle Mwaura mpaka shule zifunguliwe. Nimemuuliza kwa upole kwa nini. Akajibu, "Kwa Uncle kuna trampoline. Kwetu kuna nini?" Nikatazama huku na huku. Vyumba viwili, kamba ya nguo, paka wa jirani.

Mwaura ameoa Awuor, mdogo wake mke wangu Peres. Mtu mpole. Ana gari, ana nyasi. Simpendi. Peres anasema sina sababu. Trampoline si sababu?

Na kesho mama mkwe anatoka Siaya kuja kliniki ya macho. Atashukia kwa Mwaura, kwa kuwa kule nyuma kuna kijumba chenye paa lake. Kwetu sisi mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwewe, na mimi paa ninalo moja tu. Watoto nao humwandama Dani wao, yaani bibi, kila aendako. Nikilala, mtoto amekwenda.

Jumanne, 9 Desemba

Nimepata! Kambi! Ijumaa ni sikukuu ya Jamhuri. Hema uani, moto, mahindi ya kuchoma, watoto wakicheza nje mchana kutwa. Dani akae ndani ya hema na wajukuu, mimi nikae nje ya hema. Heshima imelindwa. Peres ametafuta kasoro nusu saa nzima, akakosa.

Nimempigia Awuor. Wote watakuja, Mama amefurahi. Nikamsikia Mwaura akiuliza alete nini. Nimesema asilete kitu. Hasa chochote cha kurukia.

Jumatano, 10 Desemba

Nimeenda katikati ya jiji kutafuta hema la kambi. Muuzaji amenitajia bei, halafu akanivutia kiti nikae. Nimekaa kidogo, nikarudi nyumbani Kabiria.

Njiani nikakumbuka mimi ni nani. Si mimi ndiye katibu wa chama cha mazishi cha watu wetu wa Riruta? Si ufunguo wa stoo ninao mimi? Hema liko mle ndani, jeupe, la watu hamsini, na viti vya plastiki! Mwenyekiti, Mzee Wesonga, sikumuuliza. Ana mambo mengi. Wakati mwingine najishangaa nilivyo na akili.

Alhamisi, 11 Desemba

Kambi bila moto ni bure. Vijiti vitaisha upesi, nataka gogo. Kinyanjui, mwenye ploti yetu, alikata mti mwezi jana. Nikamwomba kipande kikubwa. Akauliza cha nini. Sikutaka ajue mipango yangu yote, nikasema ni mambo ya familia tu, mama mkwe amefika kutoka nyumbani. Akavua kofia. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema pole sana. Mtu mwenye adabu. Gogo amelileta mwenyewe.

Ijumaa, 12 Desemba

Saa tatu asubuhi hema limesimama. Saa nne gogo linawaka. Saa tano Mwaura akawashusha Awuor, watoto wao wawili na Mama, akakimbilia duka lake la dawa, halijui sikukuu. Mama akaketi mbele ya hema, leso mabegani. Kliniki imemtia dawa, kwa hiyo macho yanachuruzika machozi. Peres kando yake, anakata vitunguu vya kachumbari, naye machozi. Ivyne na binamu zake wanazunguka viti wakipiga mayowe. Kambi safi kabisa!

Nikaenda Kawangware kutafuta soseji, na pia kumpa Mama nafasi ale bila kuniona. Foleni ya ajabu. Saa mbili nzima.

Kurudi, uani kuna watu arobaini! Akina mama wa kanisa wanaimba. Jirani yetu Everlyn anakanda unga wa chapati kwenye sinia kubwa. Wengine wanaingia na sukari, mkate, maziwa. Moyo ulinijaa. Kambi yangu imevuma! Kwa heshima ya mama mkwe nikapitia nyuma, nikakaa kiti cha mwisho kabisa, nje ya hema.

Kinyanjui akasimama kuhutubu. Akasema marehemu alikuwa mpangaji mwema, maneno mengi lakini roho safi. Nikamuuliza jirani yangu wa kiti ni nani aliyetutoka. Akaninong'oneza, "Ni Baba Ivyne, bana. Ghafla tu." Nikatikisa kichwa kwa huzuni. Kisha nikafikiria akina Ivyne wote wa ploti hii. Ni mmoja.

Nikaruka juu, nikasema kwa sauti kwamba mimi ni mzima. Everlyn aliponiona, sinia ilipaa. Nusu ya watu wakakimbilia getini, nusu wakaimba zaidi. Peres akatoka jikoni na mwiko. Alidhani wote nimewaalika mimi, kwa kuwa ndiyo tabia yangu. Kumbe walioona hema la mazishi, gogo linawaka kama la matangani na mama mkwe analia hawakumuuliza mtu. Nani humuuliza mjane ni nani amekufa? Mzee Wesonga yeye alisimama katikati ya vurugu na kuuliza kama hili si hema la chama. Swali baya kuliko yote ya leo.

Halafu akaja Mwaura. Mtu alimpigia simu. Shati nje, kiatu kimoja hakijafungwa, analia. Analia kweli! Aliniona, akanikumbatia. Nilijiandaa kukasirika, nikashindwa. Mtu huyu ananipenda. Miaka saba, na hakuna aliyeniambia.

Ivyne alisikia mtu akisema Baba amekufa. Amenishika suruali hadi jioni. Nimeenda chooni, akasimama mlangoni.

"Baba, uko?"

"Niko."

"Bado uko?"

Nikaanza kuimba humo ndani, asikie kwamba niko.

Mikate ilikuwa imeshaletwa, na haiwezi kurudishwa. Watu wakakaa, wakala. Watoto wakachoma mahindi kwenye gogo.

Jumamosi, 13 Desemba

Mwaura amekuja kumchukua Ivyne. Begi tayari, mlango wa gari wazi. Ivyne akakataa! Amesema anabaki na mimi. Watoto wa Mwaura nao wakatangaza hawarudi Parklands, huko hakuji mtu. Mwaura akasimama kando ya gari lake, mnyonge, akauliza kama anaweza kupata chai. Nikampa. Na mkate juu yake, uko mwingi.

Nimeshinda!

Mama mkwe amesema, akitazama upande mwingine kwa heshima, kwamba hajawahi kuona mtu anayechelewa kufika kwenye matanga yake mwenyewe. Hukumu: niende mlango kwa mlango kuomba msamaha. Nimekwenda. Everlyn hajafungua bado. Chama kimechukua ufunguo wa stoo.

Jumapili, 14 Desemba

Baada ya kanisa Ivyne ameuliza tunaenda wapi tena. Nimesema kuona twiga, Alhamisi, ukoo mzima! Mwaura amefurahi kama mtoto. Mama atatangulia naye garini.

Tuliobaki, pamoja na jamaa wengine, ni kumi na wawili. Peres amenionya nisiazime kitu cha chama. Nimemsikiliza kwa makini. Ila alichokuwa anasema ni hema. Chama kina basi, lile la kusafirishia maiti. Viti thelathini, safi, na chini ya viti kuna nafasi ndefu ya kuweka sufuria na jokofu la soda. Dereva wake, Kitonga, Alhamisi hana safari. Amekubali. Ameuliza tu kama afunge vile vitambaa vyekundu vya msafara wa mazishi mbele ya basi, ili magari yatupishe.

Nimemwambia afunge. Watoto wanapenda rangi.