Mwenye Gari Amepatikana

Zubairi aliiona bahati yake Jumamosi saa tatu asubuhi, imeegeshwa vibaya mbele ya geti la kijani huko Bukoto, Kampala.

Lilikuwa gari jeupe, kubwa, la vioo vyeusi. Pua ilikuwa imegusa geti na makalio yameziba mtaro, kiasi kwamba aliye ndani hatoki na aliye nje haingii. Pembeni yake, juu ya kiti cha plastiki, alikaa mama wa makamo mwenye mabega mapana, akilalamika kwa sauti ya kusikika hadi Kamwokya.

"Wiki ya tatu sasa!" alimwambia kila mpita njia. "Gari nzuri namna hii, hakuna mwenyewe! Milango wazi, ufunguo iko ndani! Kama mwenyewe angekuja leo aseme tu, 'Mama, ni yangu,' mimi ningemwambia asante, chukua, kwenda!"

Mtu mwingine angesikia malalamiko. Zubairi alisikia mwaliko.

Tuseme ukweli kuhusu Zubairi, maana mwenyewe hatausema. Alikuwa Mnubi wa Kyebando, mtanashati, mwenye ulimi uliomlisha miaka kumi bila kuomba msaada wa mikono. Aliwahi kuwakodishia wauza vitabu kivuli cha ukuta wa jirani. Aliwahi kuwauzia watu viti vya mbele kwenye mazishi. Hakuwa mwizi, alipenda kusema. Alikuwa mtu wa kuwasaidia wengine kutengana na vitu walivyovizoea mno.

Lakini Jumamosi hiyo alikuwa na shida ya kweli, na shida yenyewe iliitwa Lailah. Alimpenda. Hapo hapakuwa na ujanja wowote; alimpenda hadi akakosa usingizi. Baba yake Lailah, Mzee Abdunoor, aliuza vipuri vya magari makuukuu, naye alitoa sharti moja tu: mchumba aje nyumbani kwake Jumamosi saa nane mchana, akiwa na gari lake mwenyewe. "Si la kukodi," alionya. "Magari yote ya kukodi ya Kyebando nayajua kwa mlio." Zubairi, ambaye kwa miezi mitano alikuwa akimwambia Lailah kwamba gari lake liko kwa fundi, aliapa kwamba fundi yuko karibu kumaliza.

Na sasa hili hapa, jeupe, vioo vyeusi, halina mwenyewe. Alinyoosha kola ya shati, akapunguza mwendo na kujitia masikitiko.

"Nnyabo," alisema, akainama kwa heshima. "Sijui nianzie wapi. Nimekuja kukuomba msamaha."

Mama akamtazama kuanzia viatu hadi kofia. "Wewe nani?"

"Mimi ndiye yule mkosaji. Gari ni langu. Niliugua ghafla, nikaliacha hapa nikakimbizwa hospitali. Leo ndiyo nimeruhusiwa."

"Bambi!" Mama akashika kifua. "Uliugua nini?"

"Walikuwa bado wanatafuta."

"Pole sana, kijana wangu. Mimi ni Mama Atoo. Nimetafuta wewe mpaka miguu imechoka." Akavuta kiti karibu, akapunguza sauti. "Lakini lazima nikuulize kidogo, si unajua wajanja wamejaa. Mwenye gari atajua kwenye kioo cha dereva ndani kumetundikwa nini."

"Tasbihi," alisema Zubairi bila kupepesa.

"Tasbihi?" Mama Atoo akakunja uso. "Fikiri vizuri. Ugonjwa inasahaulisha watu."

"Rozari! Ya mke wa kaka."

"Karibu kufika. Ni kitu ya mtoto..."

"Kiatu cha mtoto!"

"Cha rangi gani? Kile chekundu?"

"Hichohicho chekundu."

"Ni mwenyewe!" Mama Atoo akapiga makofi. "Banange, mwenye gari amepatikana!"

Zubairi alijisikia mrefu. Alikuwa amekutana na watu wepesi kudanganywa, lakini huyu alikuwa zawadi ya aina yake; alikaribia kumwonea huruma. Akanyoosha mkono kwenye mlango wa dereva.

"Ngoja, ngoja," Mama Atoo akamzuia. "Usitoke hivihivi, watu watakusumbua njiani. Tukuandikie barua ya mwenyekiti."

Hapa moyo wa Zubairi uliruka kwa furaha. Katika Kampala mtu anaweza kuzaliwa, kuoa na kuzikwa, lakini mambo yake hayajatokea rasmi mpaka mwenyekiti wa LC, serikali ya mtaa, agonge muhuri. Ukipanga chumba, barua ya mwenyekiti. Ukitaka kitambulisho, barua ya mwenyekiti. Gari lisilo na karatasi hata moja, likiwa na barua yenye muhuri wa zambarau, ni gari ambalo baba mkwe yeyote ataliheshimu. Na mama huyu, maskini, alikuwa akimpa barua hiyo bila kuombwa.

Mwenyekiti Nashon alifika baada ya dakika tano, jambo ambalo lingemshtua mtu makini, kwa sababu mwenyekiti wa LC hafiki popote baada ya dakika tano. Alikuja na daftari kwapani na muhuri umefungwa kwenye leso. Akakaa juu ya boneti ya gari, akamuuliza Zubairi jina na mtaa, na kuandika taratibu, huku akisoma kwa sauti.

"Mimi mwenyekiti nathibitisha kwamba Ndugu Zubairi, mkazi wa Kyebando, mwenye akili timamu... Akili ni timamu, ssebo?"

"Timamu kabisa, mwenyekiti."

"...ndiye mwenye gari jeupe lililosimama getini kwa Mama Atoo, na amekubali hivyo kwa mdomo wake mbele ya mashahidi. Yeye, na si mtu mwingine, ataliondoa leo kabla ya saa saba." Akainua kichwa. "Weka sahihi hapa. Na hapa, kwenye nakala yangu. Kitambulisho chako nitabaki nacho hadi gari liondoke. Ni utaratibu."

Zubairi aliweka sahihi mbili zenye mikia mirefu. Akatoa kitambulisho kwa moyo mweupe, maana gari lingeondoka baada ya dakika mbili. Mwenyekiti akaupulizia muhuri pumzi ya moto, akaugonga mara mbili, na watu waliokusanyika wakapiga makofi. Zubairi akawapungia mkono.

Kisha akaingia garini. Kiatu chekundu kilining'inia pale pale. Akazungusha ufunguo, na hapakuwa na mlio wowote, hata kikohozi.

"Betri," alisema kupitia dirishani.

"Eh, betri," Mama Atoo akakubali. "Wiki tatu si mchezo. Fungua boneti uangalie."

Mwenyekiti akashuka kwenye boneti. Zubairi akaifungua, na kuku mwekundu, aliyekuwa ameatamia mayai juu ya majani makavu, akamtazama kwa hasira.

Betri haikuwepo. Injini nayo haikuwepo. Chini ya kuku ilionekana ardhi ya Bukoto, na magugu mawili yaliyokuwa yakistawi vizuri.

"Huyo kuku ni yangu," alisema Mama Atoo. "Barua inasema gari tu."

Zubairi akainama kuchungulia tena. Ulimi wake, uliomtumikia vyema tangu utoto, ulitafuta mlango wa kutokea na kuukuta mmoja tu, nao ulikuwa mwembamba.

"Mama," alisema, "tukisema ukweli kama watu wazima, gari hili si langu."

Mwenyekiti Nashon akafunua nakala yake, akaisoma tena hadi mwisho kama vile iliandikwa na mtu mwingine, kisha akavua miwani.

"Umemdanganya mwenyekiti?" aliuliza kwa uchungu. "Kwa maandishi? Mara mbili?"

Mama Atoo akasimama kutoka kwenye kiti. Ndipo Zubairi alipoona vizuri jinsi alivyosimama, visigino pamoja, mikono nyuma.

"Mimi nilikuwa polisi miaka ishirini na sita," alisema Mama Atoo kwa upole. "Nitakusaidia kuchagua. Kama gari ni yako, sukuma, kwenda nayo. Kama si yako, basi wewe ulikuja kuiba gari ya mtu mchana kweupe, na barua ya ushahidi tunayo, na sahihi yako nzuri. Sasa, gari ni ya nani?"

"Ni langu," alisema Zubairi kwa sauti ndogo.

"Sijasikia."

"Ni langu, Mama!"

"Asante." Mama Atoo akamnyanyua kuku na kumkabidhi jirani pamoja na mayai. "Ilikuja Jumapili nikiwa kanisani. Pikapu iliivuta na kamba, ikaitupa hapa kwangu. Gari yangu ya kupeleka odii, siagi ya ufuta, sokoni ikabaki imefungiwa ndani. Wiki tatu nabeba ndoo za odii juu ya boda, mafuta yake yananimwagikia mgongoni! Nikaenda kituoni, wakaniambia, hatuwezi kugusa, lete mwenye gari. Nikaenda ofisi nyingine, lete mwenye gari. Mwenyekiti hapa, naye lete mwenye gari."

"Ndiyo utaratibu," alisema mwenyekiti.

"Sasa mimi nitatoa wapi mwenye gari? Nikafikiri. Nikaosha gari, nikajaza upepo kwa pampu ya baiskeli, nikaleta kiti, nikakaa. Nikasema, Kampala hii, gari safi haiwezi kukosa mwenyewe." Akamgonga Zubairi begani kwa mapenzi ya kweli. "Mimi nilikungoja wewe tu. Kwa nini ulichelewa?"

Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Zubairi aliona aibu, aibu halisi ya kuwasha masikio, na hakuwa ameizoea. Akavua koti lake la uchumba, akalilaza kwenye kiti cha nyuma, akaweka bega kwenye fremu ya mlango huku mkono mmoja ukishika usukani. Gari likatoka getini inchi kwa inchi. Mwenyekiti akamrudishia kitambulisho na kumtakia safari njema. Kabla Zubairi hajafika kona, kigari cha Mama Atoo kikatoka kwa kishindo, kimejaa ndoo, kikampigia honi asogee pembeni.

Saa nane kasoro dakika chache alikuwa hajafika hata nusu ya njia ya Kyebando, na nusu iliyobaki ilikuwa ya kupanda. Akaweka jiwe nyuma ya tairi. Simu ikalia.

"Zubairi, uko wapi?" Alikuwa Lailah. "Baba amekaa mlangoni na kanzu yake. Ameshakohoa mara tatu."

"Niko njiani. Niko na gari."

"Kweli? Mbona unahema hivyo?"

Majibu mazuri yalimjia, manne au matano, yote ya kuaminika. Lakini mgongo ulimuuma, shati limelowa, na ghafla akachoka kumdanganya mtu anayempenda.

"Nalisukuma, Lailah. Halina injini. Na lile la kwa fundi halikuwepo, halijawahi kuwepo. Nilikudanganya miezi yote mitano. Nisamehe."

"Halina injini?" Lailah akarudia kwa sauti kubwa. Alisikia simu ikibadilisha mikono, kisha kikohozi cha nne, safari hii karibu kabisa na sikio lake.

"Kijana," alisema Mzee Abdunoor. "Injini haina?"

"Haina, mzee."

"Milango je?"

"Yote minne, mzee. Mizima."

"Vioo?"

"Vyote. Vyeusi."

"Karatasi?"

"Barua ya mwenyekiti. Ina muhuri."

Mzee akavuta pumzi ndefu. Nyuma yake Zubairi alimsikia Lailah akicheka, na hakujua kama kicheko hicho kilikuwa cha kumsamehe au cha kumaliza mambo.

"Basi ilete," alisema mzee, sasa kwa sauti ya mtu aliyepata mgeni wa heshima. "Sukuma pole pole, usikwaruze rangi. Utaiingiza mpaka ndani ya uwanja, barua utaweka juu ya kiti."

"Nashukuru, mzee, nashukuru sana! Na mimi je?"

"Wewe," alisema Mzee Abdunoor, "utafunga geti ukitoka."