Prosesa ya Pili Yajibu Barua

Jumatatu, 3 Juni
Kompyuta imefika! Fundi ameniachia nijaribu hadi Jumamosi. Nikiridhika nilipe, nisiporidhika aibebe. Ina prosesa mbili, yaani bongo mbili ndani ya sanduku moja. Bei yake ni mara mbili ya kompyuta ya kawaida. Naona ni haki.

Mke wangu haoni haki. Anasema mtu anayewaandikia watu barua sebuleni, barua tano kwa siku, anahitaji ubongo mmoja tu, na huo ni ule wa kichwani. Nikacheka. Peke yangu. Fedha ya kuilipia, iliyoko kabatini, ni yake. Kaikusanya miaka miwili kwa kushona nguo za watu kwa mkono, anunue cherehani. Kafungasha, kaenda kwa dada yake. Mlangoni akasema, "Fedha naiacha hapohapo. Nataka kuona utafanya nini."
Hasira hasara. Zitamtoka.

Jumanne, 4 Juni
Mteja wa kwanza, seremala. Anataka mwenye nyumba wake ampunguzie kodi. Nikaandika, nikachapa, akaondoka na bahasha. Kioo cha kompyuta kinaonyesha prosesa ya kwanza ilifanya kazi, ya pili ililala. Bei ya mbili, kazi ya moja! Roho iliniuma.

Nikaenda kunywa maji. Niliporudi, feni ya pili ilikuwa inazunguka, na kwenye kioo ipo barua ambayo sikuiandika. Mwenye nyumba anajibu kwamba kodi haipungui ng'o, na seremala arudishe mlango wa stoo alioung'oa. Mlango gani? Seremala hakutaja mlango wowote. Nimeifunika kompyuta kwa shuka na kuketi nikiikodolea macho.

Alhamisi, 6 Juni
Seremala kaja na jibu la mwenye nyumba. Neno kwa neno! Na mlango umo. Nilipomuuliza, alitazama viatu vyake, akakiri kwamba aliuuza.

Niliogopa kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kisha nikaona biashara. Hasimu wangu ng'ambo ya barabara, tunayemwita Kidole Kimoja kwa jinsi anavyochapa, huuza barua tu. Mimi nitauza barua pamoja na jibu lake, papo hapo. Tangazo nimelibandika mlangoni. Atajuta kuzaliwa.

Ijumaa, 7 Juni
Wateja saba. Majibu saba. Vilio sita. Wa saba, mama wa makamo, alimwandikia mwanawe aliye mbali. Akasoma jibu, akalikunja mara nne, akalitia kifuani. Akaniomba, kwa sauti ya chini sana, nisiitume barua yake. Sikusoma alichojibiwa. Sikuthubutu.

Kufikia saa saba mchana foleni yote imehamia kwa Kidole Kimoja. Ati anawaambia kwamba kwake hakuna ajuaye jibu. Hiyo nayo ni sifa!

Nyumba imepoa mno. Feni mbili zinavuma kwa kupokezana, kama watu wanaonong'ona chumba cha pili. Nikiacha kuandika, ile ya pili huongeza kasi. Inanisubiri. Nimemkumbuka mke wangu. Nakiri hapa kwa kuwa hapasomwi na mtu.

Jumamosi, 8 Juni, asubuhi
Fundi anakuja saa nane mchana. Nimeamua kwanza nimwandikie mke wangu: arudi, kompyuta nainunua, cherehani tutazungumza mwakani. Sikuituma. Nilitaka kuona jibu.

Feni ya pili ilianza kabla sijaweka nukta ya mwisho. Jibu likajaza ukurasa mzima. Mwishoni anasema: "Siku tano nimekaa nikitazama njia. Kwa dada ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Rudisha hicho chombo, mume wangu, uje unichukue."

Dakika ishirini, ni kweli. Nilikwisha kuvaa kiatu kimoja. Kisha nikafikiri: jibu hutegemea barua. Barua ikiwa bora, jibu litakuwa bora. Nikavua kiatu.

Nikaeleza faida za prosesa mbili, kwa kirefu. Jibu: mistari mitatu. Nikamsifu mapishi, nikamwomba radhi bila kutaja kosa. Jibu: "Usiniandikie tena." Nimeanza ya nane.

Jumamosi, alasiri
Barua ya kumi na moja ndiyo niliyoituma. Kazi safi kuliko zote nilizowahi kuandika. Feni ya pili ilizunguka muda mrefu kuliko siku zote, halafu ikasimama ghafla. Kioo kikatoa ukurasa mweupe. Hata jina langu halipo juu.

Nimeukagua mara tatu, toka juu hadi chini. Hajakataa! Nikafungua kabati, nikamlipa fundi.