Gogo Nililompa Nurto

Jumatatu, 10 Novemba
Nimelipata! Gogo lililooza kando ya mto, limejaa uyoga wa kahawia wenye umbo la masikio, laini, unateleza. Nimelileta nyumbani Galbet, hapa Garissa, kwa mkokoteni wa punda. Dada yangu anakuja Jumapili kutoka Kakamega, mara ya kwanza tangu tumzike mama. Nitaupika kama mama: munyu wa majivu, maziwa, moto mdogo. Chungu kimoja, watoto saba, tulikilamba hadi chini.

Nimewahutubia majirani nusu saa. Uyoga huu si mmea. Hautaki udongo, unakula mti uliokufa. Ukikauka unalala, ukinyeshewa unaamka. Nurto, muuza maziwa wa jirani, akauliza kama Kakamega hakuna nyama. Ujinga mtupu!

Jumanne, 11 Novemba
Mbuzi wa Nurto wanalizungukazunguka gogo. Nimelipandisha juu ya mabati. Wameshindwa!

Alhamisi, 13 Novemba
Mabati yamelikaanga. Uyoga umekunjamana, mweusi, mgumu kama ukucha. Umekufa. Nimekaa kizingitini nikimkumbuka mama akitutangulia msituni baada ya mvua, gauni limelowa hadi magotini, akiimba.

Nurto aliliomba gogo apate kuni za kufukizia vibuyu vyake vya maziwa. Nikampa. Akauliza kama nina hakika. Si mimi mwenyewe niliyesema uyoga ukikauka unalala? Nikamkumbusha nani kati yetu amesoma.

Jumamosi, 15 Novemba
Mvua asubuhi nzima. Gogo lilikuwa bado uani kwa Nurto, halijapasuliwa. Masikio yote yamefunguka, manene, yanang'aa! Nikaenda kudai mali yangu. Nurto hakuinua hata kichwa.

"Maalim, wewe ulinipa maiti. Hii imefufuka kwangu."

Akasema dada yangu atakula. Kuhusu mimi, atafikiria.

Jumapili, 16 Novemba
Dada amepika uani kwa Nurto, kwa maziwa yenye harufu ya moshi. Alipoonja akafuta macho kwa leso. Nurto akanipakulia bakuli langu.

Sikuweza kula kabla ya kusema ukweli. Nikaanza barua kwa mhariri wa gazeti: kwa nini watu wa Garissa hawaujui uyoga. Dada akaniita mara mbili, akasema nile, unapoa. Nikamjibu niko aya ya tatu. Nurto akasema aniache, maalim ameshiba.

Nilipoinua kichwa, vyombo vilikuwa vimeoshwa.

Barua imetoka nzuri sana.