Nyumba ya Kambali Haiuzishwi

Jumanne, 7 Oktoba
Barua ya pili kutoka koperative ya akiba. Sikuifungua mara moja. Niliiweka chini ya godoro, nikaketi juu yake. Halafu nikaona ni ujinga, nikaisoma. Maneno ya adabu sana, na hilo ndilo linaloogopesha. Nisipolipa, au nisipofika kuzungumza kabla ya mwisho wa mwezi, nyumba itapelekwa mahakamani iuzwe kwa mnada.

Nyumba ni ya marehemu baba, hapa Butembo, mtaa wa Kambali. Aliiandikisha kwa jina langu kwa sababu nilisoma sheria. (Miaka mitatu. Mtihani wa mwisho ulinitetemesha, nikaishia kuwa karani wa depo ya vifaa vya ujenzi.) Mama analala chumba cha nyuma. Dada yangu Solange anashona nguo barazani. Wote wawili hawajui kwamba mwaka jana niliiweka nyumba rehani ili ninunue kakao huko Beni. Bei ilikuwa ikipanda kila wiki. Nikanunua. Ikaacha kupanda.

Barua inasema nifike kuzungumza. Mimi nimesoma sheria, najua mazungumzo ya namna hiyo yanaishia wapi. Sitakwenda.

Alhamisi, 9 Oktoba
Mazoezi ya korale ya parokia. Bwana Kitsa, agenti wa mikopo wa ile koperative, anaimba besi. Mimi ni tenor. Kwetu tenor husimama mbele ya besi. Yaani kila Alhamisi mtu anayetaka nyumba yangu ananipumulia shingoni.

Katikati ya Gloria aliinama, akaninong'oneza: "Niko na kaneno kadogo na weye." Nikapandisha sauti. Baada ya mazoezi akanifuata hadi mlangoni. Nikamwonyesha kwa vidole kwamba koo linauma, siwezi kusema. Akanikumbusha kwamba nimetoka kuimba peke yangu beti mbili nzima. Nikakohoa, nikaondoka kwa hatua za mgonjwa. Nilipopita kona nikakimbia.

Jumamosi, 11 Oktoba
Wokovu umepatikana, na umepatikana kazini.

Mfanyabiashara mmoja alikuja kununua saruji. Akawa anamsimulia patron wetu, mwenye depo, kwamba ameacha kununua nyumba nzuri sana huko Furu, bei ya bure, kwa sababu ukutani paliandikwa kwamba parcelle, yaani kiwanja, ina matata. Patron akamuuliza kama alichunguza ni matata gani. Akajibu kwamba yeye hachunguzi. Afadhali nyumba yenye nyoka, nyoka anauawa, kuliko nyumba yenye ndugu.

Kalamu ilinidondoka. Maandishi hayo yako mji mzima, na mimi nayapita kila siku kama kipofu. Mnada bila wanunuzi si mnada. Nyumba isiyonunulika haiwezi kupotea. Ajabu kwamba chuoni hawakutufundisha.

Nimenunua kopo la rangi nyekundu. Patron aliuliza ni la nini. Nikasema la mama.

Jumapili, 12 Oktoba
Mama na Solange walikwenda misa ya pili. Mimi nilibaki na koo langu. Mtaa ulikuwa mtupu, wote wako kanisani au hekaluni kwa Waprotestanti. Nikaandika kwenye ukuta unaotazama barabara, kwa rula, kila herufi urefu wa mkono:

PARCELLE HII IKO NA MATATA. HAIUZISHWI.

Herufi ya M imenitoka vizuri mno.

Mama aliporudi alisimama muda mrefu na kitenge chake kichwani. Akauliza matata ni ya nani na nani. Nilikuwa na jibu tayari: siku hizi matapeli wanauza nyumba za watu wenyewe wakiwa kanisani, nami nimeziba njia. Akaniwekea mkono kichwani, akanibariki, akasema baba yangu hakukosea. Niliona haya kidogo. Kisha akapakua fufu na sombe ya majani ya muhogo, nikala mara mbili.

Solange alisoma ukuta, akanitazama, akautazama tena ukuta.

Jumatatu, 13 Oktoba
Kitsa alipita asubuhi. Nilimwona kupitia upenyo wa dirisha. Alisimamisha pikipiki, akavua kofia, akasoma. Akarudi nyuma hatua chache, akasoma tena. Akaondoka taratibu kama mtu aliyefiwa. Nimeshinda.

Jioni alikuja jirani yetu, Mama Abigaïl. Akasema amefurahi kwamba hatimaye tumekubali wenyewe. Nikauliza tumekubali nini. Akasema uzio wetu umekula shamba lake tangu enzi za baba, lakini alinyamaza kwa ajili ya amani. Kwa kuwa sasa tumeandika matata kwa mkono wetu, yeye yuko tayari. Akapima kwa miguu yake kutoka mparachichi hadi jikoni kwetu. Nusu ya jiko letu, kwa miguu ya Mama Abigaïl, ni yake.

Nikamweleza kwamba maandishi ni ya kuwatishia wageni tu. Akacheka, akasema yeye si mgeni.

Jumatano, 15 Oktoba
Baba mdogo Kahongya amefika kutoka Manguredjipa. Ana godoro, kuku mmoja na sufuria. Mtu mwenye godoro hajaja kusalimia.

Alisikia habari kwa dereva. Hakukasirika, alisema. Angeambiwa mapema angefurahi zaidi, lakini hakukasirika. Ila kama kuna matata kwenye nyumba ya kaka yake, basi matata hayo ni yeye, kwa maana nani alibeba matofali kutoka tanuru ya bondeni, kichwani, akiwa kijana mwenye nywele? Akanionyesha kipara. Akasema ni matofali yale.

Amechukua chumba changu. Nalala na kuku.

Ijumaa, 17 Oktoba
Nimekwenda Beni kwa gari la alfajiri, nikauze kakao iliyobaki kabla hawajaja wadai wengine. Njia nzima nilikaa katikati, si dirishani, na nilihesabu vizuizi vyote vya askari kwa sala.

Kakao iko kwa Mama Virginie, anayenikodishia pembe ya ghala. Mnunuzi alichukua punje moja, akaikata kwa kisu, akanionyesha ndani. Kijivu, yenye manyoya ya ukungu. Akauliza nilianika wapi. Nikasema sikuanika, nilinunua ikiwa imeshaanikwa. Akauliza nani aliniambia kwamba imeanikwa. Nikasema muuzaji. Mama Virginie akajifunika uso kwa kitambaa, mabega yanatikisika. "Petit, mdogo wangu," akasema mnunuzi, "weye ulisoma, hapana?" Nikakubali. Akasema inaonekana.

Kwa huruma alinipa bei ya takataka. Inatosha malipo ya mwezi mmoja. Nimezishona pesa ndani ya soksi.

Jumamosi, 18 Oktoba
Yote yamejulikana. Nilipokuwa Beni, Kitsa alikuja nyumbani na kumkuta Solange kwenye cherehani.

Naandika hapa alichosema, ingawa naumia. Hakutaka nyumba. Koperative haitaki nyumba za watu, haina pa kuziweka, na kila mnada ni hasara na uadui. Tangu mwezi wa nane alikuwa ananitafuta anipe nafasi ya kugawa deni upya: kiasi kidogo kila mwezi, kwa muda mrefu zaidi, na vyumba viwili vya mbele vipangishwe ili kodi isaidie. Makaratasi yalikuwa tayari. Kilichohitajika ni mimi kufika na kusema neno moja. Hicho ndicho alichokuwa akininong'oneza kwenye Gloria.

Lakini Jumatatu alisoma ukuta. Kamati yao haisaini mpango wowote juu ya kiwanja chenye matata. Kama matata ni ya kweli, faili itakwenda kwa mwanasheria wao mwishoni mwa mwezi. Kama si ya kweli, wote wanaodai waje wasaini kwamba hawadai.

Solange ameniuliza swali moja tu: weye ulifikiri mutu anaandika tu ukutani na deni linaogopa? Nikamwambia kwamba kisheria hoja yangu haikuwa mbaya. Akanyoosha mkono. Nikavua soksi.

Kisha akaenda kumwambia mama. Nilijifungia jikoni, kwenye sehemu ambayo haijawa ya Mama Abigaïl.

Jumapili, 19 Oktoba
Mama hakupiga kelele. Ningependa apige. Alisema tu kwamba ukuta nao ulimdanganya, na aliupenda kuliko mimi nilivyojua. Kisha akachinja kuku wa baba mdogo, bila kumwuliza, akamwita yeye na Mama Abigaïl mezani.

Mimi niliwekwa kwenye kiti kidogo karibu na mlango.

Baba mdogo alisema hasaini. Alibeba matofali. Mama akasema ni kweli, aliyabeba. Na nani alimpikia siku zote alizobeba? Na alipoumwa mgongo, nani aliuza mbuzi wake mwenyewe wa mahari ili apelekwe hospitali? Baba mdogo akatazama mchuzi. Mama akaendelea, kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi: "Shemeji, nyumba ikiuzwa, matofali yako yataenda kwa mutu usiyemujua. Ikibaki, utakuja kulala humu mpaka uzeeke. Donc, chagua basi."

Baba mdogo akasema atasaini, kwa sharti iandikwe kwenye karatasi kwamba ni yeye aliyebeba. Mama akasema itaandikwa. Mama Abigaïl akasema yeye hana haja ya jiko, anataka uzio usogezwe mbali na mparachichi, maana kila mwaka maparachichi yanaangukia kwetu na hakuna anayemrudishia hata moja. Hapo sisi wote tukatazama mchuzi.

Jumatano, 22 Oktoba
Kwenye bureau, ofisi ya koperative. Nilishikilia meza. Hakuna polisi. Kuna chai.

Baba mdogo alisaini polepole, kila herufi kama tofali. Mama Abigaïl aliweka kidole. Solange alisoma kila mstari, akauliza riba inahesabiwaje, na Kitsa akamjibu kwa furaha ambayo sikuipenda. Malipo ya kwanza ni zile pesa za soksi. Kodi ya vyumba vya mbele na sehemu ya mshahara wangu vitakwenda moja kwa moja. Mbele ya wote niliapa kwa mama kwamba sitaiweka nyumba ile rehani tena.

Kitsa alinisindikiza hadi mlangoni. Akasema siku nyingine mutu akichelewa kulipa, aje mwanzoni, hapana mwishoni. Nikamshukuru. Akasema pia kwamba korale inakosa tenor.

Mchana nimefuta ukuta kwa chokaa. Mtaa mzima ulikuja kunielekeza.

Jumapili, 26 Oktoba
Nyumba iko salama. Nimetafakari sana, na kwa haki lazima niandike: bila ukuta wangu, baba mdogo asingekuja, mama asingewaita mezani, na hakuna ambaye angesaini. Hawataki kuliona. Sitawalazimisha.

Kinachoniudhi ni kwamba Solange anashika pesa zote, hata za sabuni. Naonekana kama mtu asiyeaminika. Njia ni moja tu, nilimalize deni lote kwa mkupuo, niwape mshangao.

Mungu si Athumani wa kusahau watu: baba mdogo anamfahamu jamaa wa Kamango anayeuza vanila. Vanila si kakao. Vanila haijawahi kuniangusha. Jamaa anakubali kutoa mzigo kwa mkopo, anataka dhamana ndogo tu.

Nyumba haiguswi, nimeapa. Lakini nimesoma sheria. Nyumba ni mali isiyohamishika. Bati la paa linafunguliwa misumari, linabebwa kwa pikipiki hadi popote. Kwa hiyo bati si nyumba. Bati ni bati, na juu ya mabati sikuapa chochote.

Baada ya misa nilipanda kuyaangalia. Mama akauliza kutoka chini natafuta nini. Nikamjibu kwamba naangalia kama panavuja. Panavuja kweli, mahali pamoja, juu ya chumba changu.

Hilo bati sitaliweka dhamana. Katika biashara lazima mtu awe mwaminifu.