Habari za Mgeni na Sinki la Dada Yangu

Njooni, enyi wenye masikio, na ninyi mliosinzia amkeni, sogezeni viti, zimeni redio, maana ninayowasimulia leo si habari ya wafalme waliouana kwa ajili ya mipaka, wala ya majemedari waliovuka majangwa na majeshi yao. Hao wamekwisha kusimuliwa hata wamechosha. Nawasimulia habari za msichana mmoja aliyevuka nchi baada ya nchi, akaingia jikoni mwa dada yangu, akasimama mbele ya sinki lililojaa vyombo, asirudi nyuma. Ewe ulimi wangu, uliyezoea kuonja mchuzi na kusengenya majirani, nyooka leo! Ewe povu la sabuni, uliyekuwako mwanzo hadi mwisho, nipe maneno! Nami si msimuliaji wa kuambiwa. Niliyaona yote kwa macho haya, nikiwa nimejinyoosha kwenye kochi la sebuleni, mahali pekee katika nyumba ile ambapo mtu huona mpaka jikoni bila kulazimika kuinuka.

Basi jueni kwanza shujaa ni nani. Alikuwa mtu wa kujitolea, aliyeletwa na ofisi moja kutoka kwao aje kusaidia shule ya chekechea ya mtaani, na ofisi hiyo ikampangia kukaa kwa dada yangu, ale na kulala humo muda wote wa kazi yake. Masomo yalipokuwa yakiendelea, alikuwa jemedari wa kweli: alifuta makamasi ya vikosi vizima, alifunga kamba za viatu asubuhi na kuzifunga tena mchana, akawatenganisha mahasimu waliokuwa tayari kung'atana kwa ajili ya kipande cha chaki. Kisha ikaingia likizo ndefu. Chekechea ikatiwa kufuli. Wenzake wa kujitolea wakaenda kutembea huku na huko, yeye akachagua kubaki na familia, akidhani, maskini, kwamba kubaki na familia ni kuwa mwanafamilia.

Kumbe wapi. Ndani ya nyumba ile aliitwa Mgeni. "Mgeni kaamka?" "Mpeni Mgeni mto wa kuegemea." "Nyie, kelele! Mgeni anapumzika." Alipumzishwa hata mgongo ukamuuma.

Sasa mtazameni aliye upande wa pili wa vita. Dada yangu, Mama wa nyumba ile, Mlinzi wa Mabeseni, Tishio la Masizi, ni mkuu wa jiko la hospitali. Huko kazini huamrisha wapishi na waosha vyombo, nao humtii mbiombio, na sheria za huko amezihamishia nyumbani kwake bila kupunguza hata moja: beseni la sabuni, beseni la kusuuzia, beseni la maji ya moto; glasi kwanza, kisha vikombe na vijiko, kisha sahani, na sufuria mwisho kabisa, mafuta yasije yakagusa kioo. Wanawe waliijua sheria hiyo kabla ya kujua kusoma. Mumewe, dereva wa lori anayeweza kuteremsha mlima gari lenye breki mbovu, hakuthubutu kuosha kijiko bila kuuliza. Na juu ya sheria zote ilikuwepo nyingine, mama wa sheria: katika nyumba ya dada yangu, mgeni haoshi chombo.

Shujaa akaishambulia ngome hiyo mara ya kwanza kwa ufagio. Dada akauchomoa mikononi mwake taratibu, huku akitabasamu.

"Hapana mwanangu, wewe kaa. Umetoka mbali."

"Lakini nilifika siku nyingi, Mama."

"Najua. Ila mbali ni mbali. Kaa."

Akakaa. Siku nyingine akajaribu kupitia upande wa viazi, akanyakua kisu na kukivamia kiazi cha kwanza kwa ushujaa usioelezeka. Dada alikichukua kisu, akakichukua kiazi, akamwachia gazeti. Siku nyingine tena akaamka kabla ya watu wote ili atandike meza, akamkuta dada amekwisha kuitandika na kumngojea kwenye mlango wa jiko, mikono kiunoni, tabasamu lilelile usoni. Hivyo ndivyo anavyopigana dada yangu. Adui anaondoka ameshiba, na hajui kama ameshindwa.

Mtasema haya ni mambo ya kucheka, nami nilicheka, mpaka siku Mgeni alipompigia simu mama yake. Alikuwa ukumbini, na simu ile ilikuwa na sauti kubwa, hata mimi kochini nikasikia kwamba huko kwao mama mtu alikuwa akiongea naye huku akiwafokea wadogo zake kuhusu taulo zilizoachwa kitandani. Mgeni alicheka sana. Simu ilipokatika akageukia ukuta, mabega yakaanza kutikisika. Binti Mkubwa, mpwa wangu, akamkuta pale.

"Vipi, kuna habari mbaya?"

"Hapana. Mama anafoka kama kawaida."

"Sasa unalia nini?"

"Hapa hakuna anayenifokea," akasema Mgeni. "Nakula, nakaa, mnanichekea. Nimekuja kusaidia watu, nimekuwa mzigo wa watu. Jumatatu naenda ofisini, niwaombe wanihamishie hosteli mpaka chekechea ifunguliwe."

"Hosteli likizo hii haina mtu hata mmoja! Utakaa na nani?"

"Nitakaa peke yangu. Angalau nitafua shuka zangu mwenyewe."

"Mama ataumia."

"Najua. Ndiyo maana sijamwambia."

Nami nasema wazi, nilimwonea huruma hata karanga nilizokuwa nikitafuna zikakosa ladha. Nikafikiria kuinuka nikamwambie dada. Nikafikiria vizuri sana.

Ikapambazuka Jumapili, mkesha wa safari yake ya ofisini. Jamaa zetu wakaja kwa chakula cha mchana, nao wakala kama watu walioahidiwa njaa kuanzia kesho yake. Walipomaliza, vyombo vilirundikana jikoni safu juu ya safu: sahani zimeinamiana, glasi zimebanwa pembeni, na nyuma yao lile sufuria kuu la wali, jeusi kwa nje, ukoko kwa ndani, limetulia tuli likingoja wa kulithubutu. Dada na mumewe wakatoka kuwasindikiza jamaa. Na kusindikiza kwa dada yangu mnakujua: wakifika kwenye kona ndipo mazungumzo yanapoanza.

Hapo Mgeni akainuka. Akakunja mikono ya blauzi hadi juu ya viwiko, akafunga nywele kwa kitambaa, akaenda mpaka jikoni, ambako Binti Mkubwa alikuwa ameanza kuvitazama vyombo kwa chuki, akanena naye maneno mazito, akisema: "Ewe binti wa nyumba hii, mrithi wa mabeseni, nikabidhi silaha yako na ufunguo wa lango, maana imefika saa ya kujua kama mimi ni mtu ndani ya kuta hizi au ni pambo la sebuleni!"

Nakiri kwamba kutoka kochini nilisikia tu, "Nipe sponji." Lakini maana yake ilikuwa hiyo.

"Mama akijua ataniua," akasema Binti Mkubwa, naye alikuwa amekwisha kumpa sponji na kuvua aproni. Haijawahi kutokea ngome iliyofunguliwa milango kwa furaha namna ile.

Vita vikaanza. Maji yakamwagwa, sabuni ikapiga kelele za povu, na shujaa, kama inavyowapasa mashujaa, akadharau wadogo akamwendea mkubwa wao kwanza: akalishika lile sufuria kuu kwa masikio yote mawili, akalizamisha kwenye beseni la sabuni, akapanda juu yake na waya wa kusugulia. Ukoko ulikataa. Akasugua. Ukoko ukatoa kipande kimoja kama salamu. Akasugua tena, jasho likimtiririka puani, ulimi ukimtoka kidogo pembeni mwa mdomo, hata ukoko wote ukaachia kwa mpigo na maji yakawa rangi ya mchuzi. Akalisuuza sufuria, akaliinua juu, likang'aa. Kisha, akiwa amelewa ushindi, katika maji yaleyale, akatumbukiza glasi.

Nililiona kosa hilo nikafumba macho.

Akamaliza glasi, akamaliza sahani, akapanga vyombo vyote kwenye kichanja, na alipokuwa akijifuta mikono, mlango wa mbele ukafunguka. Dada akavua viatu. Dada akaja jikoni. Dada akaangalia kichanja, akachukua glasi moja, akaielekeza dirishani, akaitazama. Na lile tabasamu lake la kumchekea mgeni, ambalo sisi sote tulidhani limeshonewa pale, likaanguka usoni mwake.

"Nani kaanza na sufuria?"

Binti Mkubwa akajibanza nyuma ya friji.

"Nauliza, nani kaanza na sufuria? Hebu tazama glasi hii! Tazama! Mafuta matupu! Mtu atakunywa maji au atakunywa wali? Wewe mtoto, una macho au umebandikwa vifungo? Unaosha sufuria ya mafuta, halafu maji hayohayo unatia glasi! Siku zote unaniona naosha, ulikuwa unaangalia nini? Na wewe Binti Mkubwa, toka nyuma ya friji, nakuona! Umempa sponji ukamwacha, ndiyo ukubwa wenyewe huo? Na huyo kaka yangu pale, kalala anaangalia kama yuko sinema! Inuka! Chukua kitambaa, kuna vyombo vya kukausha!"

Hakuna vita bila majeruhi. Niliinuka.

Lakini Mgeni alikuwa amesimama katikati ya tufani ile bila kupepesa, mikono imelowa, na usoni mwake kukachomoza kicheko kipana ambacho hatujawahi kukiona. Dada akakiona. Akafunika mdomo kwa kiganja.

"Jamani. Nimemfokea mgeni." Akaiweka glasi chini. "Mwanangu, nisamehe sana. Ni uchovu tu. Wewe nenda zako ukakae, tutaosha sisi."

Hapa, wasikilizaji, ndipo ushindi ulipotaka kuponyoka, maana mwanamke yule alikuwa amekwisha kuanza kutabasamu tena.

"Siendi kukaa, Mama," akasema Mgeni. "Nimekaa likizo nzima. Mama yangu hunifokea hivihivi, kwa sababu mimi ni wake. Ukiniomba radhi, kesho naenda ofisini wanihamishie hosteli. Ukiendelea kufoka, nabaki."

"Hosteli ipi?"

"Ya ofisi. Nilikuwa sijakwambia."

Dada akavuta stuli akaketi. Alimtazama msichana yule, na nilimjua dada yangu vya kutosha kuona kwamba yameingia mahali panapouma. Alikuwa amempenda mtoto wa watu kwa njia aliyoijua, na njia hiyo ilikuwa inamfukuza. Akajifuta macho na pindo la kanga, kwa hasira, kana kwamba macho nayo yameoshwa vibaya. Kisha akasimama.

"Hosteli," akasema. "Yaani uende hosteli uniachie glasi zina mafuta?"

"Hapana, Mama."

"Basi mwaga maji hayo! Chemsha mengine! Glasi kwanza, mara ngapi niseme? Na ukimaliza futa jiko, na nyuma ya jiko pia, maana nyie watoto nawajua, mnafuta panapoonekana tu!"

Pigeni vigelegele, enyi mliosikia! Wenye kuandika na waandike, na wenye kusoma na wawasomee wajukuu wao, kwamba Jumapili ile, mchana kweupe, mbele ya mashahidi, msichana aliyetoka ng'ambo alifokewa na kutumwa kazi kama mtoto aliyezaliwa humo ndani. Alirudia vyombo vyote tangu mwanzo, glasi zikitangulia, nami nikikausha huku mkono ukiniuma. Alifuta jiko. Alilivuta kutoka ukutani, akaingia nyuma yake kwa magoti, akatoka na masizi kipajini na macho yanayocheka, akasema amemaliza. Dada akainama, akapitisha kidole ukutani, akakitazama kidole, akaanza kufoka upya.