Msimpandishe Cheo Mwalimu wa Darasa la Alasiri

Kwako Mkuu wa Chuo,

YAH: PINGAMIZI LA MWANAFUNZI KUHUSU MKUU WA TAWI JIPYA

Pokea salamu zangu za heshima. Kichwa cha barua kimeshasema yote, lakini mimi si mtu wa kumaliza maneno kwenye kichwa cha barua. Jumatatu mlibandika tangazo mlangoni kwamba mwalimu wetu, anayetufundisha kutengeneza tovuti, anafikiriwa kuwa mkuu wa tawi jipya, na kwamba mwanafunzi mwenye maoni juu yake ayalete kabla ya Ijumaa. Mimi ninayo. Nimeyapanga kwa namba ili usije ukasema mwanamke huyu anapayuka.

Kabla sijaanza, uungwana unanitaka niseme wazi kwamba mwalimu huyo na mimi tuna undugu wa mbali kidogo: nilimzaa. Ni kitinda mimba wangu, na ndiye pekee aliyebaki nyumbani. Hilo lisikusumbue. Nimekuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini na moja, na nimezoea kumwambia mtu kwamba gauni halijamkaa hata kama ni shangazi yangu. Kwa mwanangu pia sitapindisha. Hafai kabisa kwa cheo hicho, na sababu ni hizi.

1. Ni mchoyo wa majibu. Wiki ya pili niliandika ukurasa wa kwanza wa duka langu la ushonaji. Nikaufungua, ukaja mweupe pe, na chini yake maneno mekundu. Nikamwita. Akainama, akaliona kosa papo hapo. Nilimjua kwa macho, maana mtoto nimemlea mwenyewe, akiona kitu namjua. Badala ya kunionyesha akaniuliza mashine imesema nini. Nikamjibu kwamba mashine haijasema chochote, imeandika tu. Akasema, "Basi soma, mama, tena kwa sauti." Mbele ya watu kumi na wanne! Nikasoma kwamba kuna kosa mstari wa arobaini na moja. Nikaupekua mstari huo herufi kwa herufi, msafi kabisa. Baada ya saa nzima nikagundua kwamba nukta mkato imekosekana mstari wa arobaini. Kwa hiyo hapa nina malalamiko mawili kwa mpigo: la mwalimu anayejua akanyamaza, na la mashine inayoumwa mguu ikalilia mkono. Tangu siku hiyo makosa yangu nayakamata mwenyewe, na yeye anapita kando ya dawati langu mikono nyuma, anatabasamu. Mwalimu asiyeitwa na mtu ni mwalimu gani?

2. Aliiba siri za ufundi wangu. Naomba hili ulisome polepole kwa sababu ni zito. Tulipoagizwa kutengeneza ukurasa kamili, nilifanya kama fundi yeyote mwenye akili: nilichukua utepe wa kupimia, nikakipima kioo cha kompyuta ya darasani. Sentimita thelathini na nne. Nikakata ukurasa wangu kwa kipimo hicho, ukakaa vizuri, hauna hata mkunjo. Mwalimu akaja na simu yake, akaufungua humo, nusu ya picha za suruali zangu ikawa nje ya kioo. Nikamuuliza wateja wangu wana simu za ukubwa gani. Akasema za kila ukubwa. Nikamwambia hakuna shida, fundi hakatai miili.

Siku tatu nilizunguka mtaani na utepe shingoni. Nilipima simu ya kinyozi, ya muuza duka, ya mke wa fundi bomba, ya mlinzi wa getini kwenu, na ya jirani yangu tunayemwita Mzee wa Redio, ambaye alikataa kuitoa mfukoni mpaka nilipomweleza kwamba siichukui, naipima tu. Kinyozi alidhani nataka kuishonea simu yake nguo, na nikiri kwamba nilirudi na oda tatu za vifuko. Lakini nilirudi pia na vipimo kumi na tisa. Nikakaa, nikatengeneza kurasa kumi na tisa, kila ukurasa na jina la mwenye simu. Mteja akija kwenye tovuti yangu anachagua: mimi ni Kinyozi, mimi ni Mzee wa Redio. Kazi safi.

Mwalimu hakucheka, na hicho ndicho kilichoniudhi. Seremala wa dawati la nyuma alicheka mpaka akashika meza, yeye nimemsamehe. Mwalimu alivuta kiti, akaketi, akaniuliza, "Mama, ukimshonea mtoto wa shule sketi leo, na mwakani atakuwa amenenepa, unafanyaje?" Nikamwambia natia lastiki kiunoni, hilo hata mwanafunzi wangu wa wiki moja analijua. Akasema, "Basi tia lastiki." Akanionyesha maneno mawili matatu ya kuuambia ukurasa ujinyooshe na kujibana kufuata kioo. Jioni ile nilizifuta kurasa kumi na nane, na ile moja iliyobaki ikawakaa watu wote kumi na tisa. Nauliza: nani alimruhusu kutumia lastiki yangu kufundishia? Utotoni, siku za likizo, alikaa chini ya meza yangu ya kushonea akichambua vifungo, kumbe alikuwa anapeleleza.

3. Hana undugu. Darasani ni lazima ninyooshe mkono. Nisiponyoosha hanioni, mimi niliyemnyoosha yeye mpaka akasimama. Kazi yetu ya kwanza alinipa alama arobaini na sita kwa mia, kwa sababu eti maandishi ya njano juu ya nyeupe hayasomeki. Alasiri amenipa arobaini na sita, jioni amekaa mezani kwangu anasubiri chakula. Nikampakulia arobaini na sita kwa mia ya chakula. Alikula, akaosha sahani, akasema usahihishaji umekuwa wa haki. Siku ya pili nilibadilisha rangi, lakini ni kwa sababu nilitaka mwenyewe.

4. Anawafundisha watu kutosahau. Zamani nilikuwa na utaratibu wangu mzuri wa kuhifadhi kazi: faili moja linaitwa mwisho, la pili mwisho kabisa, la tatu mwisho wa kweli, na la nne mwisho wallahi. Ikatokea nikafuta kwa bahati mbaya lile lililokuwa na picha zote, na nikalia. Nasema nililia, sioni aibu, ilikuwa kazi ya wiki mbili. Akanifundisha kuhifadhi kila hatua, na pembeni ya kila hatua kuandika sentensi moja ya nilichobadilisha, ili ukiharibu leo urudi jana. Tangu hapo sentensi zangu zote zimebaki mle, na darasa zima linazisoma. Ipo isemayo: "Nimeongeza vitufe." Ipo isemayo: "Nimeondoa vitufe." Na ipo moja ya tarehe saba isemayo: "Nimerekebisha alichosema mwalimu, ingawa hakuwa na haki." Muuguzi mstaafu anayekaa pembeni yangu huisoma kwa sauti kila mchana kabla ya kipindi. Heshima yangu iko wapi?

5. Ni hatari kwa jamii. Nenda dirishani kwako saa kumi na moja jioni, utaona darasa halijatoka ilhali kipindi kimekwisha saa kumi. Watu hawataki kwenda kwao. Siku ukurasa wa muuguzi mstaafu ulipofunguka mara ya kwanza, mama wa watu alitoka nje akampigia dada yake simu, akarudi macho mekundu. Seremala sasa anatengeneza tovuti ya makabati na hatengenezi tena makabati. Kinyozi, baada ya kuona ukurasa wangu ukiikaa simu yake, ameulizia fomu za kujiunga. Fikiria, Mkuu. Kwa darasa moja tu mtaa umefikia hapa. Mkimpa tawi zima, kinyozi ataacha mkasi, muuza duka ataacha mzani, fundi bomba ataacha bomba linavuja. Mji mzima utakuwa na tovuti nzuri za huduma ambazo hakuna mtu wa kuzitoa. Vichwa vitabaki na nywele, milango itabaki bila bawaba, na lawama zote zitakujia wewe uliyetia sahihi.

6. Tawi lenyewe liko mbali. Nimeuliza stendi: mwendo wa saa tisa kwa basi, kama halikuharibika njiani. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa, na sijasikia popote wakisema mcheza kwao hupakiwa kwenye basi. Wakasema pia chema chajiuza. Basi akae hapa ajiuze, wanaomtaka wapande wao mabasi waje.

Na kwa kuwa tumefika hapa, acha nikueleze jambo, Mkuu, maana nawe ni mzazi. Nyinyi waajiri mna mtindo mmoja. Mtu analea, anasomesha, anapiga pasi mashati, halafu nyinyi mnakuja na barua ya cheo. Wa kwanza wangu mlimchukua hivyo hivyo, si nyinyi wenyewe, wenzenu. Wa pili vilevile. Wa tatu alisema ni mwaka mmoja tu, sasa ana watoto wawili huko. Kila mmoja aliondoka na furaha, na mimi nikashangilia getini mpaka gari likakata kona. Huyu amebaki. Mimi kujiunga na darasa lenu sikuwa na haja ya tovuti, wateja wangu wananijia kwa miguu. Nilijiunga kwa sababu kila jioni alikuwa anazungumzia kazi yake na mimi simwelewi, nikaona tutaishia kusalimiana tu. Sasa tunaelewana. Tunabishana mezani juu ya upana wa kitufe. Mkimwondoa nitabaki na cherehani, na cherehani haibishi. Naogopa ukimya ule. Nimeusema, na sitaufuta.

Kwa sababu hizo sita, ambazo hata hakimu hawezi kuzipangua, naomba yafuatayo. Kwanza, cheo apewe mtu mwingine, ikiwezekana asiye na mama. Pili, ili kuondoa kishawishi siku za usoni, mwalimu ashushwe cheo kidogo, kiasi cha kutotamaniwa na matawi mengine. Tatu, kama ni lazima tawi jipya liwepo, lijengwe uani kwangu. Nafasi ipo, kati ya tangi la maji na kamba za kuanikia nguo. Nimeshapima, yanaingia madawati kumi na mawili, na kumi na manne kama wanafunzi ni wembamba. Mkuu wa tawi atatoka chumbani kwake na kufika kazini kwa hatua tisa.

Natumaini utayapokea haya kwa moyo uleule nilioyaandikia. Nisalimie karani wako na umwambie blauzi yake iko tayari. Msalimie mlinzi wa getini na simu yake ya sentimita saba. Msalimie anayefagia darasa letu, walimu wote, mume wako na wanao, hasa yule mdogo, ukae naye sana. Hata ile mashine ya kuchapa inayotafuna karatasi, isalimie.

Wako katika ujenzi wa elimu,

Fundi Cherehani,
Darasa la Alasiri, dawati la kwanza dirishani.

Nyongeza: Barua hii imekufikia kupitia fomu ya mtandaoni niliyoitengeneza mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, kama kazi ya kufunga muhula. Ilikataa mara mbili, mara ya tatu ikakubali. Mwalimu alikuwa chumba cha pili anapiga pasi, wala sikumwita. Nilipoona imekwenda nilisimama nimtangazie, nikafika mlangoni, nikamwona amekunja mashati yote vizuri kama nilivyomfundisha akiwa na miaka tisa, nikarudi nikaketi. Mkuu, nimezisoma tena sababu zangu sita. Ni za kweli zote, ila nimezishonea upande wa ndani nje. Zigeuze, utaona nilikuwa nakuandikia kitu gani. Mpelekeni. Msitafute mwingine, hamtampata. Nasikia huko asubuhi kuna baridi kali. Koti lake liko tayari, limebaki vifungo viwili. Nililikata Jumatatu ileile mlipobandika tangazo.